MEGA65 kwa mtu wa Lamu: mashine ambayo Commodore haikuwahi kuiuza

Hukumu kwanza, maana wengi mna haraka. Ukitaka kuandika programu, kuchezea kumbukumbu baiti kwa baiti na kuelewa kompyuta inavyofanya kazi mpaka chini kabisa, MEGA65, kompyuta ya sasa iliyoundwa kwa mfano wa ile ambayo Commodore haikuiuza, inafaa na pesa yako haitapotea. Ukitaka tu kucheza michezo ya zamani ya Commodore 64, usinunue. Emuleta ya bure, yaani programu inayoiga mashine hiyo, kwenye laptopu ya mtumba itakutosha. Na kwa anayeishi Lamu lipo la tatu la kujua kabla ya kulipa: sehemu ngumu ya mashine hii, ile ambayo fundi wa hapa hawezi kuigusa, si rahisi kuharibika. Zitakazokusumbua ni swichi za kibodi, draivu ya flopi, soketi na plagi. Hizo zinatibika, mradi ujue hewa ya chumvi inafanya nini.

Kwa wasiojua ilikotoka: Commodore 64 ilitoka 1982. Mwaka 1990 na 1991 wahandisi wa Commodore walikuwa wakiunda mrithi wake, C65, ambayo kwenye nyaraka zao iliitwa pia C64DX. Ilikuwa na kichakataji cha CSG 4510 cha megahezi 3.54, kumbukumbu ya kilobaiti 128, chipu ya picha ya VIC-III yenye rangi 256 zinazochaguliwa kati ya 4,096, chipu mbili za sauti za SID, na draivu ya flopi ya inchi 3.5 ndani ya kasha lenyewe. Mradi ukafutwa 1991 kabla ya kufika dukani. Kampuni ilipoanguka Aprili 1994, mashine za majaribio zilizokuwa zimelala zikauzwa pamoja na mali nyingine za mufilisi, na hizo ndizo leo zinazopigwa mnada kwa bei ya kiwanja. Mtu wa kawaida haipati, na hata akiipata ataogopa kuiwasha.

Kwa nini basi isijengwe upya kwa mkono, kama watu wanavyojenga upya C64? Bodi ya C64 inaweza kuchapishwa leo, ukanunua kapasita na soketi mpya, kisha ukang'oa VIC-II na SID kutoka kwenye mashine iliyokufa. C64 ziliundwa kwa mamilioni, kwa hiyo maiti za kukatia viungo hazijaisha. C65 haina maiti. Chipu zake kuu, yaani 4510, VIC-III, DMAgic inayohamisha data bila kusumbua kichakataji, na F011 inayoendesha flopi, ziliundwa kwa ajili yake peke yake na hazikuwahi kuingia sokoni. Unaweza kuchora bodi yake vizuri kabisa, ukalehemu kila kitu mahali pake, ukabaki na soketi nne tupu zisizo na cha kutia.

Hapo ndipo waliounda MEGA65 walipopita njia nyingine. Mradi ni wa Museum of Electronic Games & Art ya Ujerumani, ukishirikiana na Paul Gardner-Stephen wa Australia, na ulitangazwa 2015. Badala ya kutafuta chipu zisizopatikana, waliziandika upya kwa lugha ya VHDL na kuzitia zote ndani ya chipu moja ya aina ya FPGA. FPGA si kichakataji kinachoiga kwa programu. Ni shamba la saketi ndogondogo ambazo hazijaunganishwa; faili unayoipakia ndiyo inayoamua waya upi uende wapi, na ikishapakiwa inakuwa saketi kweli. Iliyotumika hapa ni Xilinx Artix-7 ya daraja la 200T, yenye seli za mantiki 215,360. Bodi inaundwa na Trenz Electronic, pia wa Ujerumani, na wanunuzi wa kawaida walianza kupokea mashine zao 2022.

Matokeo yake hayakuishia kwenye nakala. Kichakataji, wanakiita 45GS02, kinakwenda megahezi 40.5. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba picha ya aina hii hutolewa kwa saa ya megahezi 27, 40.5 ni mara moja na nusu yake, kwa hiyo kila kitu ndani kinatembea kwa mdundo mmoja. Kumbukumbu ya haraka ni kilobaiti 384, na ipo nyingine ya megabaiti 8, ya polepole kidogo, wanayoiita Attic. SID ni nne badala ya mbili. Kuna soketi ya HDMI na ya VGA, mtandao wa waya, joistiki mbili, tundu la katriji, tundu la draivu za zamani kama 1541, kadi ya SD ndani na microSD nyuma. Soketi ya kaseti haipo, wala ile iitwayo user port. Mwenye vifaa vya zamani vinavyochomekwa huko ajue mapema kwamba havitaingia.

Kasha ni la plastiki ya kuchapwa kwenye kalibu, la umbo la C65, na kibodi ni ya swichi halisi, kila herufi na swichi yake. Ni nzuri. Kusema kweli ndiyo sehemu inayowafanya watu waitoe pesa mfukoni, na si vibaya. Kitabu cha mwongozo kilichochapishwa kinakuja nayo, na kile kikubwa, cha zaidi ya kurasa elfu, kinapatikana bure kwa PDF. Kipakue kabla hata hujanunua, usome sura za BASIC 65, lugha yake ya kuandikia programu. Zikikuchosha, umeokoa pesa. BASIC ya C65 iliachwa njiani ikiwa na amri zisizofanya kazi. Hawa wameimaliza, wakaongeza za picha, sauti na sprite (picha ndogo zinazotembea kwenye skrini), na ndiyo sababu kubwa ya mtu anayefundisha vijana kompyuta kuifikiria mashine hii kwa uzito.

Sasa michezo. Mashine inaingia hali ya C64 kwa kuandika GO64 na kujibu Y, au kwa kushikilia kitufe chenye nembo ya MEGA wakati wa kuwasha. Mingi inacheza, lakini mingine inakwama, na sababu yake ilikuwa tayari kwenye C65 yenyewe. Kichakataji cha C64 kilikuwa na maagizo kadhaa yasiyoandikwa popote, yaliyofanya kazi kwa bahati ya jinsi saketi ilivyopangwa, na waandishi wa michezo wakayatumia. Familia ya 4510 imezijaza nafasi hizo zote kwa maagizo mapya. Isitoshe, maagizo mengi mafupi yanamalizika kwa mzunguko mmoja badala ya miwili, kwa hiyo mchezo uliohesabu mizunguko ili kubadilisha rangi katikati ya mstari unapoteza hesabu. Utaona mistari inayotetemeka, au skrini inaganda. Dawa si kuhangaika na mipangilio. Pakia kiini kingine, yaani faili nyingine ya kuipanga FPGA: kipo cha C64 kamili, kinachofuata mizunguko kama ilivyokuwa, na hicho ndicho pia chenye kuzielewa katriji halisi kwa uhakika zaidi. Hivyo sanduku moja linakuwa kompyuta mbili, na kuna viini vya mashine nyingine vilevile.

Kupakia kiini ni hivi. Zima. Weka faili yenye kiambishi cha .COR kwenye kadi. Shikilia NO SCROLL na uwashe. Menyu ya nafasi, yaani mahali viini vinapohifadhiwa, itatokea. Shikilia CTRL ubonyeze namba ya nafasi unayotaka kuiandika, chagua faili, subiri dakika kadhaa bila kugusa kitu. Nafasi ya 0 ni ya kiwandani, usiiguse kabisa. Ya 1 ndiyo inayowaka yenyewe kila siku. Stima ikipotea katikati ya kuandika nafasi ya 1, usipige mayowe: shikilia NO SCROLL, ingia kwa nafasi ya 0, uandike upya. Aliyeiharibu nafasi ya 0 ndiye mwenye kesi, maana atahitaji kifaa cha JTAG cha TE0790 na kompyuta nyingine ya kuiandika bodi kwa waya. Kwa Lamu ningesema kiagizwe pamoja na mashine. Ni kidogo, hakina uzito, na kukiagiza peke yake baadaye kutakula nauli kuliko bei yake.

Kuhusu kuagiza. Bei ya mashine inapita shilingi laki moja kabla ya usafiri. Mwambie muuzaji aandike kwenye ankara kwamba ni kompyuta, kundi la forodha 8471. Ikiandikwa kama mashine ya michezo itaangukia kundi la 9504 na ushuru wake ni mwingine, na picha za joistiki kwenye sanduku hazisaidii ubishi wako. VAT ya asilimia 16 italipwa vyovyote vile, tena inahesabiwa juu ya bei pamoja na bima na usafiri, si bei peke yake, na ada za uingizaji zinaongezwa hapo. Kutoka Nairobi, basi la kuja Mokowe linatikisa, na draivu ya flopi ndiyo inayoumia kwa mtikiso. Ndani ya draivu tia kipande cha kadibodi au flopi mbovu ili vichwa visigongane. Kisha sanduku lote liingie mfuko wa nailoni uliofungwa kwa tepu kabla ya boti ya Mokowe kuvuka, hata kama bahari ni shwari. Hamali aambiwe lililomo ni la kuvunjika.

Likifika, usilifungue papo hapo kama limetoka kwenye chumba cha baridi cha wakala. Liache limefungwa usiku kucha lipate joto la nyumba; ukilifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa utatonea juu ya bodi.

Umeme. Mashine inatumia volti 12 za DC kutoka kwenye adapta yake, na adapta inakubali volti 240 zetu bila taabu. Angalia tu plagi, kwani ya Ulaya ni ya miguu miwili ya duara na utahitaji kibadilishio kilicho imara, si kile cha plastiki laini kinachoyeyuka. Ile gadi ya friji inayouzwa kila duka la umeme inafaa sana hapa: stima ikirudi, inasubiri dakika chache kabla ya kupitisha, na hicho kishindo cha kwanza ndicho kinachoua adapta. Wenye sola wana hamu ya kuiunga moja kwa moja na betri ya volti 12, kwa kuwa namba zinafanana. Msifanye hivyo. Betri ya asidi ikichajiwa inapanda mpaka volti 14.4, na ikichoka inashuka chini ya 11. Tia katikati kirekebishi cha DC chenye uwezo wa kupandisha na kushusha, ukiweke kwenye 12.0 kwa mita kabla ya kuchomeka, uhakikishe pia upande upi ni chanya kwa kupima plagi ya adapta ya asili. Kirekebishi cha kushusha tu hakitoshi. Betri ikifika 11.5 kitatoa chini ya hapo na mashine itajizima yenyewe katikati ya kazi, nawe utadhani kadi imekufa.

Picha. Kwa kawaida mashine inatoa mistari 576 mara 50 kwa sekunde, mfumo wa PAL. TV nyingi za bei nafuu zinaikubali, chache zinaandika hakuna mawimbi. Monita za VGA za ofisi ndizo zinazokataa zaidi, kwa sababu nyingi hazishuki chini ya 60. Shikilia ALT ukiwasha, ingia kwenye mipangilio, chagua NTSC. Sasa ni mistari 480 mara 60, na karibu kila kioo kitakubali. Huoni menyu kwa sababu hakuna picha? Soketi zote mbili hutoa picha kwa wakati mmoja, kwa hiyo azima kioo cha aina ya pili kwa dakika tano. Picha ipo lakini sauti hakuna: kwenye mipangilio hiyohiyo HDMI imewekwa kama DVI tupu, ibadilishe iwe yenye sauti. Na kingo za picha zikikatwa, kosa ni la TV, tafuta kwenye menyu yake mahali pa kuzima ukuzaji.

Kadi za SD ndizo chanzo cha malalamiko mengi, na karibu yote yana sababu moja kati ya tatu.

Ya kwanza, kadi imefomatiwa kwenye Windows. Mashine inataka sehemu mbili, moja ya FAT32 unayoiona wewe na nyingine ya mfumo usiyoiona, kwa hiyo fomati ifanywe na MEGA65 yenyewe: ALT wakati wa kuwasha, chagua chombo cha fomati, hakikisha kwa macho ni kadi ipi, kisha andika DELETE EVERYTHING kwa ukamilifu. Usinunue kadi kubwa ya kujionyesha. SDHC ya gigabaiti 8 au 16 ya jina linalojulikana itajaa mwaka gani? Kadi bandia za barabarani zinazojiita 128 zikae kwenye simu.

Ya pili, faili ya ROM, yenye programu ya msingi ya mashine, haipo au ina jina jingine. Iitwe MEGA65.ROM na iwe na baiti 131,072. Inakuja kwenye kadi ya ndani pamoja na leseni yake, kwa hiyo kabla ya yote nakili kadi ya ndani yote kwenye kompyuta nyingine na uihifadhi. Baada ya hapo iache kadi hiyo ndani kwa amani, fanya kazi na microSD ya nyuma. Zikiwepo zote mbili, mashine inaanza na ya nyuma.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya hata wenye uzoefu. Faili za diski, D81, lazima zikae kwenye kadi kwa mfululizo bila kukatwa vipande. Ukifuta na kunakili, ukafuta tena na kunakili, FAT32 inaanza kuijaza nafasi iliyobaki katikati na faili moja inatawanyika sehemu tatu. Mashine itakataa kuipandisha, au itaipandisha na kusoma upuuzi. Dawa: hamisha kila kitu kwenye folda ya laptopu, fomati upya kadi, rudisha vyote kwa mpigo mmoja. Kila D81 ina baiti 819,200 kamili. Ikizidi au kupungua, imeharibika wakati wa kupakua. Wenye Mac wafute faili zile zinazoanza na nukta na mstari chini.

Kadi ikiwa sawa, kazi ni nyepesi: MOUNT "KAZI.D81", halafu DIR, halafu DLOAD na jina la programu, halafu RUN. Ukibonyeza RESTORE kwa kama sekunde moja na kuachia, kila kitu kinasimama na menyu inatokea. Humo unabadilisha diski, unahifadhi hali, unabadilisha joistiki. CAPS LOCK ikiwa chini kichakataji kinakimbia kwa megahezi 40.5 hata programu ikitaka megahezi moja, na hilo linafupisha sana muda wa kupakia vitu vya C64. Usisahau kuiachia kabla mchezo haujaanza.

Sasa chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, ikayeyuka, na maji hayo yanapitisha umeme. Chini ya hapo ni vumbi lisilo na madhara makubwa. Juu ya hapo ni betri ndogo kati ya kila pini mbili. Lamu inavuka kiwango hicho mara kwa mara, zaidi masika na kusi likivuma kutoka baharini. Nyumba ya mbele, inayotazama gati, ni mbaya kuliko ya ndani kule Mkomani ambako upepo unachujwa na kuta. Lakini usiitie mashine kwenye kidaka cha ukuta wa mawe, hata kama inapendeza: chokaa inavuta maji na nyuma ya kidaka hakuna hewa inayopita. Mezani, hatua moja kutoka ukutani, mbali na dirisha.

Mashine inayowashwa kila siku inajikausha kwa joto lake. Inayokufa ni ile inayokaa miezi kwenye kabati. Wakati haitumiki iingie sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, pamoja na gramu 500 za silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu; lengo ni asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, itandaze kwenye trei, ovini nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi kama mpya. Kuifunika kwa kanga peke yake hakusaidii, pamba inashika unyevu wa chumvi na kuulaza juu ya vitufe. Tundu za katriji na trapdoo (kijilango cha chini ya kasha) zibaki zimezibwa, kwa ajili ya sisimizi na mijusi.

Dalili za mwanzo za kutu utaziona kwenye kibodi: herufi moja inatoka mara mbili, au haitoki mpaka ubonyeze kwa nguvu. Ng'oa kifuniko cha kitufe kwa kivutaji cha waya, si bisibisi, tone mbili za aiso-propili ya asilimia 99 ndani ya swichi huku mashine imezimwa, bonyeza mara hamsini, acha ikauke. Ikirudia, swichi inalehemuliwa nyingine. Ni pini chache na fundi yeyote wa simu mwenye mkono mtulivu anaiweza. Mwambie tu mapema asitumie thina. Kwenye bodi ya simu thina inasafisha vizuri. Hapa itayeyusha plastiki na kufuta maandishi ya vitufe. Spiriti ya duka la dawa nayo haifai, ina maji mengi, na nyingine zina mafuta ya kulainisha ngozi yanayobaki kwenye mguso wa swichi.

FPGA yenyewe fundi asiiguse. Imelehemuliwa kwa vidonge vya lehemu vilivyo chini ya tumbo lake, mamia kadhaa, na bunduki ya hewa moto ya mtaani itaikunja bodi. Bahati nzuri, chipu iliyofunikwa hivyo haina pini za nje za kuota kutu.

Flopi ni anasa, na niseme wazi kwamba huihitaji. Lakini mlio wake ni mtamu, na draivu ya ndani inasoma na kuandika diski za aina ya 1581 (draivu ya Commodore ya inchi 3.5), kilobaiti 800. Diski sahihi ni za DD, zenye tundu moja tu la kulinda maandishi. Zile za HD, zenye matundu mawili, zinatumika ukiziba tundu la pili kwa tepu, ila sumaku yake ni ya aina tofauti na data haidumu. Zitumie kuhamishia, si kuhifadhia. HEADER "KAZI",I01 inafomati. Kabla ya kutia diski yoyote ya zamani, vuta kile kibati chake na uizungushe diski chini ya mwanga: madoa meupe au ya kijivu kama vumbi lililoganda ni ukungu. Diski moja yenye ukungu inapaka vichwa vya draivu uchafu, na kila diski nzima utakayoitia baada yake itasomeka kwa makosa au kukwaruzwa. Hapo watu hulaumu draivu. Pamba, aiso-propili, vichwa vyote viwili kwa upole, cha juu usikiinue kupita kinapoishia chenyewe.

Kwa asiye na laki, njia ziko mbili. Xemu ni emuleta ya bure inayoiga MEGA65 kwenye laptopu, na BASIC 65 inafanya kazi humo vizuri vya kutosha kujifunza. Ya pili ni bodi ya Nexys A7 ya Digilent, yenye Artix-7 ndogo ya 100T, ambayo waundaji wenyewe waliitumia kabla bodi yao haijawa tayari. Unapata saketi halisi bila kasha, bila kibodi ile, bila tundu la katriji, na masasisho yanaichelewa. Mwenye chuo au darasa la vijana aanze na Xemu kwenye mashine zote na MEGA65 moja mbele ya chumba. Programu ikikamilika kwenye Xemu, D81 yake inanakiliwa kwenye kadi na kuwashwa kwenye mashine kama ilivyo, isipokuwa iliyotegemea muda wa mizunguko, ambayo ipimwe kwenye mashine yenyewe.

Ukiamua kuagiza, ongeza kwenye oda hiyohiyo: TE0790 moja, swichi za kibodi kumi za aina ileile, adapta ya akiba, microSD mbili za gigabaiti 16, na pakiti ya flopi za DD kama muuzaji anazo. Aiso-propili ya asilimia 99 inunuliwe Mombasa kwenye maduka ya vifaa vya simu, kwa sababu posta ya ndege haibebi.